Sauti Iliyofufuliwa Benaco

Sehemu ya tisa

"Diski imeamka," Keza alisema. "Lakini haitoki hapa mpaka unisikilize."

Kwa maneno hayo tuliachana Jumamosi iliyopita, na Philbert Koromeo hajasogea hata hatua. Bado yumo katika kibanda cha Keza, yule binti fundi wa pale Benaco, malori ya kwenda Rusumo yakinguruma nje, macho yake yameganda kwenye kile kijitaa cha buluu cha diski kilichokuwa kinawaka na kuzima.

Kwa aliyejiunga nasi leo: huyu Philbert ndiye Dj Koromeo, mtu aliyeifanya Biharamulo nzima ipende filamu za Kichina bila kujua neno moja la Kichina. Alizitia sauti kwa Kiswahili, na peke yake alikuwa shujaa, adui, polisi, bibi harusi na mtoto mchanga anayelia. Halafu ugonjwa ukamwingia kooni. Madaktari wa Mwanza walimpasua wakayaokoa maisha yake, sauti wakashindwa kuiokoa. Sasa anapumulia tundu lililopo shingoni, amelifunika kwa kitambaa chepesi, na maneno yake huyaandika kwenye simu.

Sauti yake ya miaka yote ya kazi ilikuwa kwenye diski moja ya nje, ile ambayo vijana huiita eksteno. Nayo ilikufa siku msaidizi wake Clever alipoiapdeti programu dhibiti, yaani ile programu ndogo iliyomo ndani ya diski yenyewe, inayoifundisha kuamka na kusoma. Umeme ulikatika katikati ya kazi, Clever alisema. Tangu hapo diski ikawa inagonga tu, tik, tik, haijui hata jina lake.

Mafundi wa Biharamulo waliikataa. Keza hakuikataa. Alitafuta diski nyingine ya aina ileile iliyokufa kwa kuanguka, akafungua bodi yake, akainyonya programu iliyokuwa bado nzima. Kisha akalehemu nyaya nyembamba kama nywele kwenye bodi ya Philbert na kuipandikiza programu hiyo humo. Na diski ikaamka.

Philbert aliandika haraka, akamkabidhi simu mkewe. Siku hizi Adventina ndiye aliyekuwa mdomo wake. Ndiye pia aliyewaambia watu wasimpigie makelele, kwa kuwa mumewe alikuwa bubu, si kiziwi.

"Anasema, sema unachotaka, tutakupa," Adventina alisoma.

"Sitaki kitu chenu. Nataka asikie," Keza alisema.

Akabonyeza.

Spika mbili zilizokuwa juu ya meza zikatoa sauti ya Dj Koromeo. Philbert akashika ukingo wa meza. Tangu alipopasuliwa alikuwa hajaisikia. Nene, yenye mkwaruzo mwishoni mwa kila neno, ile iliyokuwa ikiwafanya wanawake wa sokoni wageuke akiomba nyanya tu. Alimtazama Adventina. Adventina alikuwa amejiziba mdomo kwa khanga.

Ilikuwa filamu ya zamani, mwizi ananaswa zizini, polisi wanamhoji. Na mwizi, kwa sauti ya Philbert, akajibu:

"Mimi natoka Rukore. Sina baba, sina mama, nimekuja kura. Kuku nitakura, mbuzi nitakura, na mwenye mbuzi akileta maneno nitamkura."

Philbert akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakiruhusu. Hakikuwa na sauti, mabega tu yalitikisika na hewa ikapiga mluzi kwenye kitambaa cha shingoni. Ule mstari ndio uliompatia jina. Kwenye mabanda ya video watu walikuwa wanausema pamoja naye, wengine wameanguka chini kwa kucheka.

Keza hakucheka.

"Mimi natoka Lukole," alisema. "Nilizaliwa pale, kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi. Kambi ilipofungwa, mama alibaki kwa kuwa alikuwa ameolewa na Mhangaza wa Ngara. Nilikuwa darasa la sita filamu hii ilipofika kwenye banda la video karibu na shule yetu. Unajua kuanzia Jumatatu niliitwa nani?"

Mabega ya Philbert yakatulia.

"Kurakura. Mwalimu akiita jina langu, darasa zima linajibu kabla yangu: nimekuja kura. Nikifungua chakula changu wananiuliza kama ni mbuzi au mwenye mbuzi. Siku mama alipokuja shuleni, alianza kusalimia tu wakaangua kicheko. Aligeuka akaondoka, salamu yenyewe hajaimaliza. Mpaka anakufa hakuikanyaga tena shule yangu."

Philbert aliandika. Adventina alichukua simu, akatazama, akairudisha.

"Hiyo siisomi. Andika nyingine."

Philbert alikuwa ameandika: Ulikuwa mchezo tu, mimi sikukujua. Akaifuta. Akaandika neno moja.

"Nisamehe," Adventina alisoma.

"Sitaki kusomewa. Aseme yeye."

"Mdogo wangu, unajua hawezi."

"Mimi pia niliwaambia siwezi. Walinisimamisha mbele ya darasa, wakasema tamka kula. Nikawaambia ulimi wangu hauwezi. Wakasubiri." Keza alivuta kiti akaketi mbele ya Philbert, magoti yakikaribia kugusana. "Nami nasubiri."

Philbert alifungua mdomo. Akaliunda neno kwa midomo, taratibu, kama mtu anayefundisha mtoto kusoma. Hewa haikupita mdomoni, ilitokea shingoni.

"Sijasikia. Rudia."

Akarudia. Mishipa ilimtoka. Makohozi yakapanda na kuchuruzika kwenye tundu, kitambaa kikalowa, na Adventina akainuka kumfuta. Keza akanyoosha mkono kumzuia.

"Rudia."

Akarudia mara ya tatu, jasho likimtiririka, na ndipo Keza akainuka akaigeuza kompyuta yake imwelekee Philbert.

"Filamu zote zenye huyo mwizi nimeziweka kwenye folda moja. Bonyeza hapa, zinafutika. Ubonyeze wewe."

Philbert aliitazama ile orodha ya majina. Hizo ndizo zilizomjengea nyumba. Hizo ndizo zilizowatoa watu Runazi na Nyakahura kuja kumwona kwa macho. Alimgeukia mkewe amwombee.

"Bonyeza," Adventina alisema. "Mama yako mwenyewe anasema kura."

Akabonyeza.

Kama mlitegemea Keza atabasamu, hakutabasamu. Alichomoa diski, akaifunga kwenye kipande cha sponji, akamkabidhi Adventina.

"Zilizobaki ni zenu. Sasa niwaambie kitu ambacho hamkuniuliza. Diski hii haikufa. Iliuawa."

Keza akamgeukia Adventina.

"Huyo Clever aliiapdeti kwa kompyuta gani?"

"Laptopu ya ofisini kwetu," Adventina alisema.

"Ina betri?"

Philbert alitikisa kichwa kukubali. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiwekea betri mpya, kabla tu ya kwenda kulazwa.

"Diski kama hii inakula umeme wa laptopu. Wa ukutani ukikatika, laptopu inaendelea na betri yake, na diski inaendelea vilevile. Basi niambieni, ni umeme gani uliokatika? Alichomoa waya kwa mkono wake. Tena programu aliyoiweka ni ya diski ya aina nyingine kabisa. Diski iliikataa, akailazimisha."

"Labda hakujua," Adventina alisema, lakini sauti yake haikuwa na imani.

"Alijua. Diski inaweka kumbukumbu: siku ileile, kabla ya apdeti, kila faili lililomo humu lilisomwa, moja baada ya lingine, la kwanza mpaka la mwisho, bila kuruka. Mtu anayetazama filamu hatazami hivyo. Huko ni kunakili. Alijinakilia yote, halafu akaua ya kwenu."

"Ili iweje?"

"Ili sauti iwe yake peke yake. Siku hizi kuna programu, dada. Unailisha sauti ya mtu, masaa na masaa ya sauti, inajifunza. Baadaye unaandika maneno unayoyataka, yenyewe inayasema kwa sauti ya mtu yule. Na mumeo alimwachia chakula cha kutosha."

Philbert alikaa chini. Alimwona Clever kama alivyoingia kwao mara ya kwanza, ametoka kumaliza shule, mikono nyuma, akiomba kufundishwa kazi. Aliomba kipaza sauti, Philbert akampa mbwa. Kila mbwa aliyebweka kwenye filamu za Dj Koromeo alikuwa Clever. Akaomba mtu, walau mlinzi wa geti. Philbert akamjibu mbele ya banda lililojaa kwamba sauti yake Mungu aliitengeneza kwa ajili ya kubweka, na watu wakaomba abweke, naye akabweka. Alikula kwao, alilala kwao, akabweka mpaka ndevu zikamwota.

Simu ya Adventina ikalia.

Ni Mama Marsiana, mama yake Philbert, kutoka kijijini Bisibo. Mtoto wa jicho ameyafunga macho yake yote mawili, na simu huiwasha kwa kupapasa. Adventina ni Mhangaza, mama mkwe ni Msubi, hivyo Kiswahili ndicho kilichowaunganisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mkwe wangu, umenificha." Sauti ya kikongwe ilikuwa inatetemeka kwa furaha. "Mwanangu amepona, nawe umenyamaza. Mpaka amenipigia mwenyewe."

Adventina aliweka simu mezani, akaongeza sauti.

"Nani amekupigia, mama?"

"Phirbert. Ameongea, ameongea kama zamani. Nimefurahi hata chakura sijara."

Philbert aliinamisha kichwa. Keza alikuwa anamtazama.

"Mama, amesema nini?"

"Kasema madaktari wamemponya koo. Kasema kire kiwanja cha banda ra video, kwa kuwa kipo kwa jina rangu, nimwandikie kijana wake Crever, ndiye atakayekisimamia. Kijana kaja na karatasi, nimeweka dore gumba. Na kasema wewe unamtesa."

"Mama, huyo si Philbert. Philbert yuko hapa, mbele yangu."

"Mpe simu aongee."

Nje lori lilipiga honi ndefu, likapita.

"Mama, ngoja mimi nikuulize," Adventina alisema. "Huyo aliyekupigia, aliongea nawe Kisubi?"

"Kiswahiri. Kasema yuko na madaktari, si adabu kuongea kirugha mbele yao."

"Na wewe hukushtuka? Mwanao akuongeleshe Kiswahili?"

"Nishtuke nini? Tangu awe mtu wa watu, akija hapa na wageni ananisemesha Kiswahiri. Nikimjibu kwetu anajifanya hasikii. Kisubi arikiacha mrangoni kwangu siku nyingi."

Msomaji, Philbert alipokatwa koo hakulia. Hapo alilia. Clever hakuhitaji kubuni uongo mkubwa. Uongo wenyewe Philbert alikuwa ameshamtengenezea, wageni wakiwa wamekaa sebuleni na mama yake akiinama kwa aibu.

"Mama, usifanye kitu kingine chochote," Adventina alisema. "Tuko Benaco, diski imepona, ushahidi tunao. Tunakuja sasa hivi."

Hilo ndilo kosa alilolifanya, na hakulijua.

Walikodi gari dogo. Njia nzima Philbert aliandika na kufuta. Adventina alikuwa ameukumbatia mkoba wenye diski, na walipoipita Nyakahura akasema bila kumtazama mumewe:

"Tungemwambia ukweli tangu mwanzo kwamba umekatwa, haya yasingekuwepo. Wewe ndiye uliyesema tumwambie ni homa ya koo."

Philbert aliandika: Nilitaka asinihurumie.

"Basi atakuhurumia leo," Adventina alisema.

Alikosea na hapo pia.

Mama Marsiana walimkuta ameketi mlangoni kwake, fimbo mapajani, simu mfukoni mwa gauni. Nyuma yake mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umerudishwa. Nyayo zilipofika uani aliinua uso uelekee zinakotoka.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Uko na nani?"

"Na mwanao."

"Mwanangu yuko Mwanza." Ile furaha ya kwenye simu haikuwemo tena. Sauti ilikuwa kavu kama magunzi. "Kaniambia utakuja. Kaniambia utakuja na bubu, utasema ni yeye."

Philbert alipiga magoti, akauchukua mkono wa mama yake, akauweka shavuni kwake. Mama hakuuondoa. Vidole vilipita shavuni, mahali ambapo nyama ilikuwa imeisha, vikapita kwenye kidevu kilichokosa ndevu tangu matibabu, vikapita sikioni. Vikateremka. Vikagusa kitambaa, vikaingia chini yake, na hewa ya moto ikavipuliza.

Akauvuta mkono kama aliyeshika jivu lenye kaa.

"Huyu anapumuria shingoni."

"Ndivyo walivyomwokoa, mama. Tulikuficha. Ni kosa letu. Walimkata."

"Mwanangu ana koo. Nimeongea naye asubuhi."

"Umeongea na mashine. Clever anaandika maneno, mashine inasema kwa sauti ya Philbert. Mimi mwenyewe sikujua mpaka leo, fundi ndiye katueleza."

"Mashine," mama alirudia, kama anayelionja neno na kulitema.

Simu ikalia mfukoni mwake. Akaipapasa, akabonyeza, akaiweka gotini. Na Philbert Koromeo, akiwa amepiga magoti uani kwao, mdomo wazi, akajisikia anaongea.

"Mama. Wamefika?"

Haikuwa kama kwenye filamu. Kule alikuwa anaigiza. Hii ilikuwa sauti yake ya nyumbani, ya chini, ya mtu aliyeshiba.

"Wamefika," mama alijibu. "Huyu mwanamke anasema wewe ni mashine."

"Nilikuambia atasema hivyo."

Adventina alichuchumaa mbele ya mama mkwe. "Muulize kitu, mama. Muulize jina ulilomwita alipokuwa mchanga, lile la kwenu, ambalo hata mimi sikuambiwa."

Mama aliuliza kwa Kisubi. Kimya kikapita kwenye simu. Philbert alihesabu mapigo ya moyo wake, akaanza kuamini kwamba imekwisha, kwamba ile sauti sasa itakwama.

Sauti ikalitaja lile jina.

Ililitaja polepole, silabi kwa silabi, kwa Kisubi, bila kukosea. Na Philbert akakumbuka jioni moja bandani, wamemaliza kazi, wanakula nyama choma yeye na Clever, naye amechangamka na kuanza kumsimulia mambo ya utotoni, jina na sababu ya jina. Clever alikuwa akicheka mahali panapofaa. Alikuwa na masikio mazuri siku zote, yule kijana. Philbert alikuwa hajamwona na kitu kingine cha kumsifia.

"Umesikia?" mama alimuuliza Adventina. "Ni yeye."

"Mama, Clever aliishi kwetu, anajua kila..."

"Toka hapa."

"Mama, nakuomba."

Fimbo ikainuka ikatua begani kwa Philbert. Hakukwepa. Ikatua tena, mgongoni, na ya tatu ikampata sikioni, sikio likawaka moto. Mama alikuwa amesimama sasa, mwembamba, anatetemeka, mate yamemjaa midomoni.

"Unaniretea maiti inayopumua, unaniambia nimzae upya? Nirizaa mtu anayeongea. Ondoeni hiki kitu uani kwangu kabra sijaita watu."

Adventina alirudi nyuma mpaka pembeni ya nyumba, khanga imemwanguka. Philbert alijaribu kushika miguu ya mama yake. Mama akamkamata ukosi wa shati kwa nguvu ambazo mtu asingemdhania, akamvuta juu, akamsukuma kuelekea nje huku akimtukana kwa Kisubi, matusi aliyokuwa hajamsikia akiyatamka maisha yake yote.

Na katikati ya matusi hayo, mdomo wake ulipokaribia lile sikio lililovimba, sauti ikashuka ikawa pumzi tu, bado kwa Kisubi.

"Nimekujua kwa nyayo zako, kabla hujanigusa. Nyamaza, mwanangu."

Philbert akakauka.

"Yumo chumbani kwangu. Namsikia akibofya kila anapotaka kunijibu. Nimemgundua nimeshaweka dole gumba. Ana petroli, nimeinusa. Amesema nikiwapokea ataiwasha nyumba nikiwa ndani. Anataka hiyo diski yenu, alimsikia mkeo akiitaja kwenye simu. Mchukue mkeo, mkimbie."

Kisha akapaza sauti, "Shetani mkubwa wewe," akamsukuma mpaka akaangukia magoti kwenye changarawe. Mlango ukafungwa. Komeo likalia kwa ndani.

Philbert aliinuka. Simu ilikuwa mkononi, akaanza kuandika, Clever yumo ndani, lakini herufi zikatoka ovyo, akafuta, akaanza tena. Adventina alikuwa amesimama hatua chache kutoka ukutani, mgongo kwake, anafunga khanga upya na kulia bila kelele. Mkoba wenye diski ulikuwa unaning'inia begani.

Dirisha la chumba cha ndani likafunguka upana wa kiganja, na sauti ya Philbert ikatoka.

"Adventina."

Mikono ya Adventina ikasimama kwenye fundo la khanga.

"Adventina, mke wangu. Achana na mama, ni mzee, hajui kitu. Wewe unanijua. Umechoka, naona ulivyokonda. Umechoka kumsemea yule. Njoo uniletee diski, halafu tukae tuongee, mimi na wewe, kama zamani."

Philbert alimjua mkewe. Dakika chache zilizopita ni yeye aliyekuwa akieleza jinsi mashine ile inavyofanya kazi. Alijua yote. Alijua kila kitu, na uso wake, alipougeuza kidogo kuelekea dirishani, ulikuwa uso ambao Philbert alikuwa hajauona tangu siku walipomwingiza chumba cha upasuaji.

Alimkimbilia. Kifua kilibana, kitambaa kikaruka, hewa ikawa inapiga mluzi shingoni. Alifungua mdomo kuliita jina lake, akaliita kwa midomo, kwa ulimi, kwa mishipa yote, na hakuna kuku hata mmoja uani aliyeinua kichwa.

"Sema tena," Adventina aliliambia dirisha, kwa sauti ndogo.

"Mke wangu," likajibu.

Kabla Philbert hajamfikia, Adventina akauvua mkoba begani, akaushika kwa mikono miwili, akatembea kuelekea mlangoni. Komeo likavutwa kwa ndani.